Si upepo wa ziwa

Kaka, unasema upepo wa Ziwa Tanganyika ndio unaowapinda vidole akina mama wa Ujiji. Hapana, ni baridi yabisi. Huo ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo, na unampata mwenye nacho na asiye nacho. Wanachotofautiana ni muda wa kufika kwa daktari. Methotreksati, dawa inayozuia ugonjwa wenyewe, husaidia zaidi ikianzwa miezi michache ya mwanzo. Mfupa ukishalika haurudi. Asiye na bima wala nauli hununua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu tu, duka la dawa mwaka hadi mwaka. Maumivu yanatulia, viungo vinaendelea kuharibika, tumbo na figo navyo vinaumia kwa dawa hiyo.

Nasema hivi kwa sababu nimemuuguza mama mkubwa, mkamuaji wa mawese. Asubuhi mikono ilikaza zaidi ya saa nzima, kizibo cha dumu akikifungua kwa meno, na bado anakwenda kazini maana asipokamua hali. Alipoandikiwa dawa sahihi, vidole vilikuwa vimeshapinda.

Na tatizo si nauli tu. Hata Uingereza, ambako matibabu ni ya umma, wagonjwa wa maeneo maskini huishia na ulemavu zaidi. Sigara nayo inachangia.

Ila usijianzishie methotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, inataka vipimo vya damu, na mjamzito haruhusiwi kabisa.