Maswali ya Wasomaji: Kuchungulia Majibu Kabla Mwigo wa Saketi Haujaisha

Swali: Ninaiga kwa ngspice (programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta) saketi ya kushusha volti 12 hadi 5. Inakatakata kwa 100 kHz, koili ni 22 µH, kapasita ya kutokea 220 µF, mzigo 1 A. Volti inapandishwa taratibu kwa ms 20, kwa hiyo naendesha hadi ms 40. Kompyuta inakesha, asubuhi nagundua kosa lilikuwepo tangu mwanzo. Naweza kutazama mapema bila kuharibu kazi? – Msomaji, Mbeya

Jibu: Unaweza, tena usisubiri hata ms 1. Ndani ya `.control`, sehemu ya amri kwenye faili la saketi, andika hivi:

`save v(sw) v(out) v(comp) l1#branch`
`stop when time = 200u`
`stop when time = 2m`
`tran 50n 40m`
`plot v(sw) xlimit 150u 200u`

Mwigo utasimama kwenye µs 200, yaani baada ya mizunguko 20, na utakuachia kidokezo cha amri. Ukiridhika andika `resume`, nao utaendelea hadi kituo cha pili, ms 2. Usiandike `tran` tena, maana itaanza upya kutoka sifuri.

Mstari wa `save` usiuache. Kwa hatua ya ns 50, ms 40 ni nukta 800,000 au zaidi, na kila nukta ya kila nodi au mkondo inakula baiti 8. Nodi na mikondo 60 ikihifadhiwa yote, hiyo ni karibu MB 384 za RAM kwa vitu ambavyo hutavitazama.

Sasa utazame nini? Anza na `v(sw)`, volti ya mahali transista inapokutana na koili: iruke kati ya karibu volti 12 na chini kidogo ya sifuri, kiasi cha volti inayoliwa na daiodi. Ikiganda kwenye 12, transista haizimwi. Fuatilia waya wa kurudisha taarifa ya volti. Kisha pima mwinuko wa mkondo wa koili. Kwenye ms 2 volti ya kutokea inatakiwa iwe karibu 0.5 tu, kama upandishaji umenyooka, basi usishtuke kuikosa 5. Wakati transista imewaka mkondo upande kwa (12 − 0.5) ÷ 22 µH, yaani karibu 0.52 A kila µs. Mwinuko ukitofautiana mara elfu, umekosea kipimo cha koili. Hapa ndipo wengi wanapoangukia: katika SPICE (familia ya programu ambayo ngspice imo) herufi `M` ni mili, hata ikiwa kubwa. Rezista ya megaomu 1 huandikwa `1meg`. Ukiandika `1M` umeweka miliomu 1, na programu haitalalamika.

Usichoweza kujua mapema ni kama mzunguko wa udhibiti umetulia. Kwa hilo usikeshe. Anzia karibu na mwisho. Weka thamani za kuanzia: `ic=5` kwenye kapasita ya kutokea, `ic=1` kwenye koili, na volti za kawaida kwenye kapasita ya upandishaji na ile ya fidia (inayotuliza kidhibiti), kisha ongeza `uic` mwishoni mwa `tran` ili thamani hizo zitumike. Ukiisahau kapasita ya fidia, kidhibiti kitayumba vikali mwanzoni na utadhani saketi ni mbovu.

Ukitumia LTspice, programu nyingine ya kuiga saketi, mambo ni mepesi: bofya nodi kwenye mchoro huku mwigo ukiendelea, grafu inajichora. Matokeo ya `.meas` (amri ya kupima) tu ndiyo husubiri mwisho.

Swali: Niliendesha kwa `ngspice -b -r tokeo.raw`, yaani bila dirisha, matokeo yakienda kwenye faili. Umeme ukakatika katikati, na faili ni kubwa lakini linasomeka kuwa na nukta 0. Data imepotea?

Jibu: Hapana. Kwa njia hiyo data huandikwa kadiri mwigo unavyokwenda, ila idadi kwenye `No. Points` hujazwa mwishoni kabisa. Nakili faili kwanza. Hesabu baiti zilizo baada ya mstari wa `Binary:`, gawanya kwa 8 mara idadi ya `No. Variables`, na ujaze jibu, bila desimali, mahali pa ile sifuri. Tumia kihariri cha baiti, kwa sababu kihariri cha kawaida cha maandishi kinaweza kuharibu sehemu ya data.

Na kama kwenye `tran` uliweka muda wa kuanza kuhifadhi, mfano `tran 50n 40m 35m`, hakuna chochote kabla ya ms 35 cha kuokoa wala cha kuchungulia.