Nchi za Nordiki: chagua mbili na jambo moja

Umeuliza pa kuanzia kusoma siasa na ustawi wa jamii wa Nordiki. Usizibebe zote tano (Sweden, Norway, Denmark, Finland na Iceland) kwa mkupuo. Linganisha Sweden na Norway kwenye bima ya kukosa ajira: Sweden mtu hujiunga kwa hiari na mfuko, mingi ikiwa na uhusiano na vyama vya wafanyakazi, Norway bima ni ya serikali. Ndiyo sababu mojawapo ya vyama vya wafanyakazi vya Sweden kuwa na wanachama wengi zaidi kuliko vya Norway.

Kima cha chini cha mshahara usikitafute kwenye sheria ya Sweden, hukikuti. Hupangwa kwa mikataba ya vyama na waajiri, desturi iliyoimarishwa na mapatano ya pande hizo mbili yaliyotiwa saini Saltsjöbaden, karibu na Stockholm, mwaka 1938. Wageni wengi hukwama hapo: wanasoma sheria, mikataba hawaigusi.

Chunga pia maneno. “Samhälle” ni jamii, lakini Mswidi mara nyingi hulitumia akimaanisha mamlaka za umma.