Breki ya Mkono ya Land Rover Ikigoma Kuachia, Usikate Waya

Kijana mmoja wa Karatu ameniandikia juma hili: "Shikamoo Mwalimu. Land Rover yangu 110 imelala uani masika yote ikiwa imevutwa hendibreki, na sasa nikishusha mkono gari haliachii. Fundi anasema tukate waya, kisha niwe naegesha kwa gia na jiwe. Nifuate ushauri wake?"

Marahaba, mwanangu. Usiufuate. Kama lainingi, yaani bitana za breki, zimegandia ndani ya dramu, ngoma ya chuma inayozizunguka, waya ukikatwa gari litabaki limeshikwa vilevile. Na kama ni waya ulioganda kwa kutu, dawa yake ni kuubadilisha, kwa kuwa anayeukata na kuondoka anakuachia gari zito linalotegemea jiwe la barabarani.

Ushauri wa namna hiyo naufahamu, maana mimi niliupewa mbele za watu. Nililinunua gari langu nikiwa bado nafundisha fizikia sekondari, na kwa miaka mingi nimelipitisha njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngare Sero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, ambako kiangazi vumbi ni laini kama sembe na masika makorongo hushuka na maji yaliyojaa mchanga. Baada ya safari moja ya huko gari likawa zito, na harufu ya lainingi zinazoungua ikawa inapanda kutoka sakafuni katikati ya viti. Nililipeleka gereji moja mjini Arusha. Nilipomwuliza fundi mkuu kama hatafungua dramu kwanza, aliwageukia wateja wengine akasema, "Mwalimu, wewe kafundishe watoto, gari tuachie sisi." Watu wakacheka. Wakalegeza waya, wakachukua fedha zangu, na nilipofika nyumbani breki ilikuwa haishiki tena mlimani, ilhali dramu bado ilikuwa ya moto. Kicheko kile sijakisahau. Nilitafuta kitabu cha matengenezo cha gari hilo, nikalala chini ya gari mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa breki yangu.

Jambo ambalo mafundi wengi waliozoea magari madogo hawalitazami ni kwamba breki hii haipo kwenye magurudumu. Tangu 110 ilipotoka mwaka 1983 hadi Defender ya mwisho ya ukoo huo ilipotoka kiwandani Solihull Januari 2016, breki ya mkono imekuwa dramu moja ya inchi 10 iliyofungwa nyuma ya transfa kesi, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, nayo hukamata propela ya nyuma, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Ipo katikati ya gari, chini, mahali ambapo tope lote hupita, na jirani yake ni sili ya transfa kesi, inayozuia oili isivuje. Kwa hiyo maadui zake ni wawili, tope na oili, na kila mmoja huacha alama yake ndani ya dramu. Anayelegeza waya bila kufungua dramu hajui anapambana na adui yupi.

Kabla ya kuingia chini, elewa hatari. Utakapofungua propela ya nyuma, breki ya mkono haitakuwa na kitu cha kuzuia, na hata gia namba moja haitalishika gari, kwa sababu difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya propela ya mbele na ya nyuma, itaacha upande uliofunguliwa uzunguke bure huku gari likiondoka. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu mbele na nyuma kwa magogo madhubuti, kisha funga difloku, yaani kifungio cha difu hiyo, na uache gari kwenye gia, ili magurudumu ya mbele yasaidie kulishika. Difu nyingine, ile ya ekseli ya nyuma, ndiyo inayowaumiza watu wanaobadilisha tairi: gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, breki ya mkono imevutwa sawasawa, gari linaweza kuserereka, kwa kuwa gurudumu lililo hewani linazunguka kinyume na lililo chini. Nimewaeleza hili vijana wengi wa safari za watalii, na wengi hutabasamu tu.

Sasa uchunguzi wenyewe. Shusha mkono wa breki, kisha chomoa pini inayounganisha waya na mkono mdogo ulio kwenye dramu. Mkono huo ukirudi na propela ikawa huru, mgonjwa ni waya; tazama ganda lake la nje, utakuta limepasuka na maji yameingia. Ikiwa bado imeshika, tatizo lipo ndani. Legeza skrubu ya kurekebishia iliyo kwenye bamba la nyuma ya dramu, weka kipande cha mbao juu ya dramu na ugonge kwa kuizunguka, taratibu. Wapo wanaoingiza gia nzito na kulilazimisha gari mbele na nyuma mpaka lainingi zibanduke. Zinabanduka kweli, mara nyingine kutoka kwenye chuma chake, na ununuzi unaanza hapo.

Nati za propela ni nne na zinataka spana ya inchi 9/16. Spana ya milimita 14 haiingii, na ya 15 itazila pembe. Dramu yenyewe imeshikwa na skrubu ya msalaba ambayo karibu kila mara imeganda. Tumia bisibisi ya kugonga, si hasira. Ukiifungua, usipulize vumbi kwa kompresa, kwani lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lowesha kwa maji, kisha futa. Ukikuta tope kavu na kutu, sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka vipande vinavyosukuma lainingi viteleze kwa kidole, kisha vipake grisi kidogo ya kuhimili joto. Ukikuta lainingi zimelowa oili, zitupe, kwa sababu hata ukiziosha kwa petroli zitatoa tena oili zikipata joto. Badilisha sili, na uangalie mrija wa kupumulia wa transfa kesi. Mrija huo ukiziba, presha inasukuma oili kupitia sili mpya kama ilivyopita kwenye ya zamani.

Urekebishaji ndio unaotofautisha kazi na ubabaishaji. Ukisharudisha dramu, kaza skrubu ya kurekebishia mpaka dramu isizunguke kabisa, halafu rudisha skrubu nyuma zamu moja na nusu. Ukimaliza hapo, ndipo urekebishe waya ili breki ishike barabara kwenye jino la tatu. Anayeanza na waya amegeuza kazi miguu juu, na vijana wanaofanya hivyo wanalipwa na watu waliochoka kuuliza. Ulizeni. Gari ni lenu, na mteremko utakaowasubiri ni wenu.

Baada ya safari ya kwanza kaza tena nati za propela, kisha sogeza kiganja karibu na dramu bila kuigusa. Ikiwa inatoa joto kali baada ya mwendo ambao hukuvuta breki, legeza skrubu kidogo tena.