Maswali na Majibu: Darubini, Mtutu na Risasi Inayoshuka

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya bunduki ya kuwindia kulungu: namna ya kuilinganisha darubini na mtutu, na kwa nini risasi hugonga chini ya pale ulipolenga.

Nimefunga darubini mpya. Nimepiga risasi sita kwenye shabaha ya mita 100 na karatasi haina hata tundu moja. Nianzie wapi?

Anzia karibu, na acha kupoteza risasi. Kaza kwanza skrubu za pete zinazoshika darubini, kisha weka karatasi mita 25. Hakikisha bunduki ni tupu, chomoa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, uchungulie ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka kitovu cha shabaha kikae katikati ya tundu. Sasa, bila kuitikisa bunduki, hamishia jicho kwenye darubini na uzungushe skrubu zake za kurekebishia mpaka msalaba unaouona ndani yake nao ukae kwenye kitovu. Ukirudisha bolti na kupiga, tundu utaliona.

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Darubini ya robo MOA (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya sitini ya nyuzi) husogeza risasi kama milimita 7 kwa kila tiki, yaani kila mlio mmoja wa skrubu, kwenye mita 100. Kwenye mita 25 ni robo ya hapo, haifiki hata milimita 2. Kwa hiyo ukikosea kwa sentimita 4, unahitaji tiki 22 hivi. Mtu huzungusha tatu, haoni badiliko, anasema darubini ni mbovu.

Usiilazimishe igonge kitovu kwenye mita 25. Iache sentimita moja na nusu chini, kisha nenda mita 100 ukamalizie kwa mafungu ya risasi tatu tatu. Rekebisha kwa kufuata katikati ya fungu, si kwa tundu moja.

Shikamoo mzee. Rafiki yangu anasema risasi ikitoka mtutuni hupanda kwanza, ndipo ishuke. Ni kweli?

Marahaba. Rafiki yako ameona sawa ila ameeleza vibaya. Risasi haina mbawa. Ikishaacha mdomo wa mtutu inaanza kuanguka papo hapo, na haivuki kamwe juu ya mstari wa mtutu wenyewe.

Kinachopanda ni mtutu. Darubini imekaa kama sentimita 4 juu yake, na unapoirekebisha unaufanya mtutu uinuke kidogo sana ukilinganisha na mstari wa jicho lako. Risasi basi huanza chini ya mstari huo, huukata ikipanda, na ukilinganisha kwa umbali mrefu huukata tena ikishuka.

Mvutano wa ardhi hauijali kasi ya risasi, unachohesabu ni muda iliokaa hewani. Chukua risasi ya aina ya .308 Winchester yenye kichwa cha gramu 9.7, inayotoka kwa mita 860 hivi kwa sekunde. Ikifika mita 100 imeshaanguka kama sentimita 7 chini ya mstari wa mtutu. Mita 200, zaidi ya 30. Mita 300, karibu 80. Umbali umeongezeka mara tatu, anguko zaidi ya mara kumi, kwa sababu muda unajizidisha wenyewe na hewa nayo inaendelea kuipunguza risasi mbio.

Basi nilinganishe mita 100 au 200?

Kwa risasi hiyohiyo, ukilinganisha mita 100 itakuwa chini kwa sentimita 13 hivi kwenye mita 200, na karibu nusu mita kwenye 300. Ukilinganisha mita 200, itakuwa juu kwa sentimita 6 au 7 kwenye mita 100, na kwenye 250 itashuka kiasi cha kiganja. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu mkubwa lina upana wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo mpaka mita 200 na kidogo unalenga katikati ya kifua bila hesabu yoyote. Msituni ambako humwoni mnyama akipita mita 80, baki na 100.

Namba hizi ni za kukupa picha tu. Za bunduki yako zitatoka kwenye karatasi yako, iliyowekwa mita 200 na 250 kweli.

Matundu yangu yametawanyika kama mtama. Darubini?

Huenda. Lakini angalia kwanza kama umeegemeza mtutu wenyewe kwenye mfuko; egemeza mti wa mbele, yaani mbao iliyo chini ya mtutu. Halafu acha mtutu upoe. Kulungu utampiga kwa mtutu baridi, kwa hiyo risasi ya kwanza ndiyo ya kuiamini.

Nimepata risasi za kipimo kilekile lakini kichwa ni kizito zaidi. Nirudie kulinganisha?

Ndiyo. Hata uzito ukiwa uleule na mtengenezaji ni mwingine, rudia.

Kulungu akiwa juu mlimani nilenge juu zaidi?

La, na ndiyo maana wengi humpiga juu ya mgongo. Ukipandisha au ukishusha, kinachohesabiwa ni umbali wa mlalo, kama ungepimwa kwenye ramani. Mnyama aliye mita 250 kwenye mteremko wa nyuzi 30, mpige kama yuko mita 217. Akisimama juu kabisa ya ukingo na nyuma yake ni anga tupu, usipige. Risasi hii huenda kilomita kadhaa, na huoni aliye ng'ambo.