Friwili ya kushoto

Juzi hapa Chake Chake, Pemba, nimemkuta kijana amefunga nyenzo, zile fimbo za kusukumia kwa mkono, pande zote mbili za kiti cha magurudumu, kashapaka na rangi, na friwili zote mbili, yale magurudumu madogo ya meno yanayoshika upande mmoja na kuteleza upande wa pili, kazing'oa kwenye baiskeli za kawaida. Basi nyinyi mnaoanza kuunda viti vya nyenzo, nisikilizeni.

1. Friwili ya baiskeli imetengenezwa ikae kulia. Ukiifunga kushoto vivyo hivyo, wenzo ukienda mbele inateleza, ukirudi nyuma ndipo inashika. Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Kiti changu cha kwanza kilikuwa cha mama mmoja aliyetaka kufika barabarani bila kungoja mwanawe arudi skuli. Kwao ni kilimani, njia ya udongo. Akashika nyenzo, akasukuma. Gurudumu la kulia likaenda, la kushoto likabaki linalia tiki-tiki-tiki. Alipovuta, la kushoto likarudi nyuma. Akadhani ni jiwe, akasukuma kwa nguvu zaidi, kiti kikageuka na kuingia mtaroni. Mimi niko hatua tatu nyuma yake, spana mkononi. Alichunika kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe ulikikalia kwanza?" Sikukikalia. Mpaka leo swali lile linanichoma kuliko matusi.

Igeuzeni friwili ya kushoto, uso uangalie ndani, na bushi, ile pete ya chuma ya kuishikizia, mkachongeshe kwa fundi wa kukereza. Msiichomelee, moto unaharibu meno ya ndani. Kisha pandisheni kiti juu ya matofali, sukumeni nyenzo, mtazame magurudumu yote mawili. Halafu kaeni nyinyi, mpande nacho kilima.

2. Wekeni njia ya kuachanisha mnyororo unaounganisha wenzo na friwili. Friwili ikishika, kiti hakirudi nyuma, na mtu ataingia chumbani asiweze kutoka.

3. Breki kwanza, rangi baadaye.

4. Wenzo uwe mrefu: mlimani mtu ashike juu apate nguvu, tambarare ashike chini apate mwendo. Kiti kiitwacho Leveraged Freedom Chair, kilichobuniwa katika chuo kikuu cha MIT kule Marekani, kinakwenda hivyo hivyo kwa vipuri vya baiskeli. Gia ni moja, mkono ndio unaobadilisha.

5. Wa pwani, mnyororo muufute na kuutia mafuta mara kwa mara. Chumvi haina huruma.

Yule kijana jana ameifungua ya kushoto. Rangi imebanduka kidogo, atapaka tena.