Muulize Mwalimu: Vekta za vipimo vitatu nizisomee wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na nipo nyumbani Masasi kwa likizo. Vekta za kwenye bapa tulizosoma kidato cha nne hazikunisumbua, ila tangu tulipoongezewa mhimili wa tatu nimebaki kukariri kanuni tu. Kitabu nilicho nacho kina maswali mengi na maelezo machache, na bando langu halitoshi kutazama video kila siku. Nisomee wapi?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vyanzo vya bure ni vingi kuliko siku za likizo yako, kwa hiyo chukua kitabu kimoja cha kukupa mpangilio na programu moja ya kukuonyesha umbo, vingine uviache kwanza.

Kitabu ninachokupendekezea ni juzuu la tatu la Calculus la OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, ambalo hutolewa bure. Faili lake ni kubwa, hivyo lipakue mara moja mahali penye Wi-Fi, kisha utalisoma bila bando. Fungua moja kwa moja sura ya pili: inaanzia kwenye vekta za bapa ulizokwisha kuzizoea, inaingia vipimo vitatu, inaeleza kuzidisha kwa nukta (dot product) na kwa msalaba (cross product), ndipo inafika kwenye milinganyo ya mistari na bapa. Ni kitabu cha chuo, na sura za mbele zitakuzidi kimo kwa sasa.

Programu ni GeoGebra, kikokotoo chake cha vipimo vitatu, ambacho hukaa kwenye simu. Lakini kalamu itangulie. Chukua a = (1, 2, 2) na b = (2, 1, −2). Urefu wa kila moja ni 3, kwa kuwa 1 + 4 + 4 ni 9, ambayo kipeuo chake cha pili ni 3; ukizizidisha kwa nukta, yaani kila namba kwa mwenzake kisha ukajumlisha, unapata 2 + 2 − 4, yaani sifuri, maana yake zinakutana kwa pembe ya nyuzi 90. Ukizizidisha kwa msalaba unapata vekta mpya, (−6, 6, −3), yenye urefu wa 9. Wengi hukosea alama ya namba ile ya katikati bila kujua, ilhali uhakiki ni mwepesi: izidishe vekta mpya kwa nukta na a, kisha na b, na sharti upate sifuri mara zote mbili. Sasa ziingize zote tatu kwenye GeoGebra na uzungushe mchoro kwa kidole. Utaziona zimekaa kama kingo zinazokutana kwenye kona ya chumba. Chanzo kisichokufundisha kujihakiki namna hii, hata kiwe na picha za kupendeza, mimi hukiweka kando.

Video za 3Blue1Brown, chaneli ya YouTube ya Grant Sanderson, zinaeleza maana vizuri sana, ila hazina mazoezi ya kutosha. Kwa bando lako, tazama zile za kuzidisha kwa nukta na kwa msalaba tu. Mazoezi zaidi yapo kwenye tovuti ya Khan Academy, bila malipo. Mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita ije baada ya sura ile kwisha, maana ukiianza mapema utarudi kulekule kwenye kukariri.