Sauti ya simu inakatakata? Tafuta foleni iko wapi kabla hujagusa swichi

"Kaka, mimi namsikia mteja vizuri, ila yeye anasema sauti yangu inakuja kama roboti." Ukiletewa lalamiko la namna hii kuhusu simu za ofisi zinazopita kwenye intaneti, swichi (kifaa kinachounganisha simu na kompyuta za ofisi) iache kwanza. Sauti inayoingia safi na kutoka mbovu, mara nyingi tatizo lake ni njia ya kupandishia data kwenda kwa mtoa huduma wa intaneti. Imejaa, na huko swichi yako haina usemi.

Piga hesabu uone. Simu moja inayotumia G.711 (namna ya kugeuza sauti kuwa data) hutuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, 50 kwa sekunde, na ukijumlisha maelezo ya anwani yanayotangulia kila pakiti inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Watu 20 wakiongea kwa mpigo hawafikishi hata megabiti 2. Kwenye porti ya gigabiti hizo ni chenji. Sasa chukua njia ya kupandishia yenye megabiti 5, mtu wa masoko kaanza kupeleka video Google Drive, na modemu imerundika kilobaiti 500 zinazosubiri zamu. Pakiti ya sauti ikifika nyuma ya rundo hilo inangoja sekunde 0.8. Mwongozo wa G.114 wa ITU-T, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, unashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Ndiyo maana mimi huanzia kwenye ruta. Tuseme umenunua megabiti 10, lakini waya unaotoka kwenye ruta yako kwenda kwenye kifaa cha mtoa huduma ni wa megabiti 100 au 1000. Ruta haioni msongamano wowote, inasukuma kila kitu, na foleni inajengeka ndani ya kifaa ambacho huwezi kukiamuru. Weka kikomo kwenye ruta yako, chini kidogo ya kasi unayoipata kweli. Kwa njia ya 10 mimi huweka 9 au 9.5. Foleni ikishahamia kwako, hapo kuipa sauti kipaumbele kuna maana. Wenye ruta za MikroTik waangalie FastTrack, njia ya mkato ya kuharakisha pakiti, ambayo huja imewashwa kwenye firewall ya kiwandani: pakiti zinazopita humo hurukia ng'ambo ya mangle (sehemu ya kuweka alama kwenye pakiti) na simple queue (foleni unazopanga wewe), kwa hiyo unaweza kupanga foleni nzuri ambazo hakuna kinachopita ndani yake.

Swichi inakuwa mshukiwa pale simu za ndani kwa ndani nazo zinapokatika. Kuna ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Dar, sauti ilikuwa inaharibika bekapu ya seva ikianza, hata mtu wa ghorofa ya chini akimpigia wa juu. Grafu ya matumizi ilionyesha porti inayounganisha ghorofa hizo mbili haijafika hata nusu. Grafu ya wastani wa dakika 5 haikuonyeshi mafuriko ya milisekunde chache. Kinachosema ukweli ni kaunta ya pakiti zilizotupwa, na ilikuwa inapanda tukiitazama. Porti yenyewe ilikuwa ya gigabiti lakini imekubaliana kasi ya 100, kwa sababu jozi moja ya nyaya haikushika vizuri kwenye kichwa cha RJ45 (plagi ya kebo ya mtandao). Gigabiti ya kebo ya shaba inataka jozi zote nne. Tulikata kichwa, tukabana kingine, lalamiko likaisha bila kuandika amri hata moja.

Ukishahakikisha kebo ni nzima na pakiti bado zinatupwa, sasa panga foleni. Nitasemea swichi za Cisco Catalyst 2960 kwa kuwa bado zimejaa maofisini. Ukiandika `mls qos`, amri ya kuwasha QoS (upangaji wa kipaumbele cha pakiti), ukaishia hapo, umeharibu kuliko kuiacha ilivyokuwa. Kabla ya amri hiyo, pakiti zinapita na alama zake bila kuguswa. Baada yake, kila porti inahesabiwa kuwa haiaminiki, alama ya DSCP (namba ya kipaumbele ndani ya pakiti) ya simu zako inafutwa na kuwa 0, na bufa (kumbukumbu ya pakiti zinazosubiri) inagawanywa robo robo kwa foleni nne, ambapo data zote za kawaida zinabanana kwenye robo yake. Watu wanawasha QoS na mtandao unazidi kuzorota, kisha wanaapa kwamba QoS haifanyi kazi.

Kwenye porti za simu weka `mls qos trust dscp` au `mls qos trust cos`. Ukichagua ya pili, inayoamini CoS (alama ya kipaumbele ya Ethernet), kuna mtego: jedwali la kiwandani linageuza CoS 5 kuwa DSCP 40. Simu imetoka na 46, alama ya kawaida ya sauti, imefika kwenye ruta na 40, na sheria ya ruta inayotafuta 46 haiioni. Dawa ni `mls qos map cos-dscp 0 8 16 24 32 46 48 56`. Halafu `priority-queue out` kwenye porti za simu na ile inayopanda kuelekea ruta, ili foleni ya 1 ihudumiwe kwanza mpaka iishe.

Hapo ndipo usiwe mkarimu. Kwenye swichi hizi foleni hiyo haina kikomo, inapita kama msafara wa rais. Ukiruhusu kompyuta nazo zijipachike 46, wengine wote watasimama. Amini porti zenye simu tu. Za kompyuta tupu, printa na kamera ziache bila kuaminiwa.

Kwenye simu zenyewe, angalia kisanduku kinaulizia nini. Simu nyingi zinataka DSCP, unaandika 46. Baadhi zinataka baiti nzima ya ToS (inayobeba DSCP ndani yake), na hapo thamani ileile inaandikwa 184. Ukiweka 46 kwenye kisanduku cha ToS, alama itakayotoka ni nyingine kabisa.

Kujaribu ni rahisi. Piga simu, anza kupandisha faili kubwa, halafu nasa pakiti kwa Wireshark (programu ya kuchungulia pakiti) upande wa mbele, karibu na ruta. Chuja kwa `ip.dsfield.dscp == 46`; ikiwa RTP (pakiti za sauti) haimo kwenye zinazobaki, rudi nyuma swichi moja moja mpaka umpate anayeifuta. Kwenye 2960, `show mls qos interface gi0/1 statistics` inakuonyesha pakiti zimeingia foleni ipi na zipi zimetupwa.

Upande wa kushusha una shida yake: pakiti zinazoingia zimeshapangwa foleni kwa mtoa huduma kabla hazijakufikia, na alama zako huenda alizifuta zamani. Kikomo kwa watumiaji wakubwa wa kushusha kinasaidia kiasi. Kwa ofisi inayoishi kwa simu, mimi hushauri laini ya pili, hata ndogo ya megabiti 5, ibebe sauti peke yake.